Naipimaje sekondari ya kata kabla binti hajaripoti? (Tanga Jiji)

Mama wa Pongwe

Wakuu, salaam. Binti yangu kamaliza la saba, kapangiwa sekondari ya kata, ya kutwa, huku huku Pongwe. Ndugu wananishinikiza nimhamishie shule moja ya mjini ambayo jina lake linavuma tangu enzi za wazazi wetu. Mjini maana yake daladala mbili kwenda, mbili kurudi.

Sitafuti mtu wa kuniambia ile nzuri hii mbaya. Nataka kujua anayeijua kazi hii anaangalia nini, anakiangalia wapi, na kipi kinatangulia. Matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA) nimeyafungua kwenye simu, nikaona jedwali la divisheni, nikaishia hapo. Mtoto anapenda sayansi, ila hisabati inampiga chenga. Zimebaki kama wiki tatu shule zifunguliwe, na kazini naweza kupata ruhusa ya siku mbili.

Fundi Takwimu

Mama wa Pongwe, umeishia pale wengi wanapoishia. Ukurasa wa shule kwenye matokeo ya kidato cha nne una jedwali la divisheni juu, orodha ndefu ya watahiniwa katikati, na chini kabisa jedwali la masomo. Telezesha mpaka huko chini. Kila somo lina waliosajiliwa (REG), waliofanya (SAT), waliofaulu (PASS) na GPA, yaani wastani wa alama.

GPA hiyo isomwe kinyume na ya chuo. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Kwa hiyo 2.9 ni nzuri kuliko 3.9, na hisabati yenye 4.6 maana yake wengi wa darasa wana F, hata kama jedwali la juu linang'aa.

Kung'aa kwenyewe kuna ujanja wake. "Ufaulu asilimia 95" unaosomwa kwenye mahafali umejumlisha divisheni ya nne, na kuingia hiyo ya nne zinatosha D mbili au C moja. Kiswahili peke yake kinaweza kumvusha mtu. Hesabu I, II na III tu. Pointi ni za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: 7 hadi 17 ni I, 18 hadi 21 ni II, 22 hadi 25 ni III, 26 hadi 33 ni IV.

Kwa mtoto wa sayansi, weka REG ya Fizikia kando ya REG ya Kiswahili. Tuseme Kiswahili wako 140 na Fizikia wako 11, na hao 11 wamepata C safi. Usishangilie. Kwenye mtaala wa zamani Fizikia na Kemia ziliachwa au kuchukuliwa kidato cha tatu, kwa hiyo hapo watoto 129 wamelikimbia somo, na sababu ya kawaida ni kwamba kidato cha kwanza na cha pili halikuwa na mwalimu.

Halafu kuna hesabu ambayo hutaikuta kwenye ukurasa wowote. Walioanza kidato cha kwanza Januari 2021 walifanya upimaji wa kidato cha pili (FTNA) Novemba 2022 na mtihani wa kidato cha nne (CSEE) Novemba 2024. Fungua kurasa zote mbili za shule hiyo hiyo. Mfano wa kubuni: kidato cha pili walikuwa 210, cha nne wakawa 131, na wenye I hadi III ni 40. Kwa hesabu ya shule hiyo ni asilimia 30. Kwa hesabu ya mzazi, 40 kati ya 210, ni 19. Hao 79 waliopungua, wengine walirudia kidato cha pili, wengine walihama, wengine waliacha, na ndani ya wale 131 wamo waliorudia darasa kutoka kundi la nyuma, kwa hiyo namba hii haina makali ya wembe. Ila shule mbili jirani zikiachana sana hapo, kuna jambo.

Linganisha shule yako na majirani zake ndani ya Jiji, siyo na Kibaha au Ilboru wanaopokea watoto waliochujwa. Hata Shule ya Ufundi Tanga hapa hapa mjini haimo kwenye mizani hii, nayo huchaguliwa watoto wake.

Chaki Nyeupe

Fundi kayamaliza ya namba. Lakini namba zinawaeleza walioondoka, na wewe dada unamtafuta atakayesimama mbele ya binti mwakani.

Kuna ratiba kuu. Ni karatasi kubwa iliyobandikwa ofisi ya taaluma au chumba cha walimu, kila kisanduku kina somo na herufi za jina la mwalimu. Ripoti kwanza kwa mkuu wa shule, saini kitabu cha wageni, kisha omba kuiona. Fuata herufi za hisabati kwa kidole. Chukulia somo lina vipindi 5 kwa wiki kwa kila mkondo: shule yenye mikondo 12 inahitaji vipindi 60. Siku yenye vipindi 8 inatoa 40 tu kwa wiki. Ukikuta herufi za mtu mmoja kila mahali, basi ratiba hiyo ni pambo. Kuna mikondo inaunganishwa, au inapewa noti na kiranja akaziandika ubaoni.

Ukikuta herufi za watu watatu, uliza yupi ameajiriwa na yupi anajitolea. Anayejitolea anaweza kuwa mwalimu bora kuliko wote, ila posho yake inatoka kwenye michango, na ajira zikitangazwa anaondoka katikati ya muhula bila kosa lake. Uliza pia nani anafundisha Elimu ya Biashara. Somo hili limeingia kwa wote na mtaala mpya, na kuna shule limeangukia kwa yeyote aliyekuwa na vipindi vichache.

Maabara: usiridhike kuonyeshwa jengo. Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Angalia kama kuna viti vibovu vimerundikwa ndani. Uliza bureti, ile mirija ya kupimia kimiminika, ziko ngapi. Bureti sita kwa watoto arobaini maana yake kwenye titresheni wawili wanafanya na watano wanachungulia. Kidato cha nne mtihani wa vitendo upo kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, na mtoto aliyeshika pipeti mara ya kwanza wiki ya mtihani hujulikana kwa mikono yake.

Mama wa Pongwe

Ahsante Mwalimu, ahsante Fundi. Nimeshafanya ile hesabu ya 2022 na 2024 kwa shule zote mbili, na nimepata mshangao ambao sitausema hapa. Sasa ratiba na maabara nitavionaje? Ni Desemba, shule zimefungwa, kuna mlinzi na mbuzi tu.

Chaki Nyeupe

Desemba ndiyo msimu wa daftari, na mimi daftari naliamini kuliko ratiba. Mtafute mtoto wa jirani aliyemaliza kidato cha kwanza au cha pili kwenye shule hiyo, kabla daftari zake hazijaenda kufungia karanga. Mwombe la hisabati na la Kiingereza.

Achana na mwandiko, tazama kalamu nyekundu. Kuna tiki ya kupita: moja kubwa, mshazari, chini ya ukurasa wa noti, na imerudiwa hivyo hivyo kwenye kurasa ishirini kwa wino uleule. Hiyo ilipigwa kwa mkupuo siku daftari zilipotakiwa ofisini. Na kuna kusahihisha: kila swali lina tiki au kosa lake, hatua iliyoharibika imezungushiwa duara, chini pana 6/10 na tarehe, na ukurasa unaofuata mtoto ameandika masahihisho, nayo yakapigwa tiki. Hesabu za aina hii ya pili tu, kuanzia Julai hadi Novemba. Miezi mitano ya hisabati ikitoa mazoezi yasiyofika kumi na tano, mtoto ambaye somo linampiga chenga ataachwa hapo hapo alipo.

Hakikisha tu huangalii daftari la mtoto mmoja mtoro ukaihukumu shule nzima. Chukua mawili, ya mikondo tofauti. Yakitofautiana sana, umejua pia kwamba inategemea mtoto ataangukia mkondo wa mwalimu gani.

Kwenye la Kiingereza tafuta aya aliyoitunga mtoto mwenyewe. Binti anatoka shule ya Kiswahili, anaingia ambako Baiolojia na Jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza. Daftari lililojaa sarufi ya kunakili ubaoni, bila hata insha moja ya nusu ukurasa, linakuambia watoto wa hapo wanajibu kwa kukariri. Muulize jirani pia ile kozi ya kuwaingiza kwenye Kiingereza, mwanzoni mwa kidato cha kwanza, iliendeshwa wiki ngapi. Zipo shule zinaanza noti za Historia siku ya tatu.

Baiskeli Mbovu

Mnamjaza mama wa watu kazi ya ukaguzi, na jambo kubwa lipo barabarani. Daladala nne kwa siku, tuseme nauli ya mwanafunzi ni 200, ni 800. Zidisha kwa siku 194 za masomo: 155,200 kwa mwaka, na hapo konda hajamwambia "mwanafunzi mmoja tu, mwingine ashuke". Ili awahi namba saa 1:15 asubuhi mjini, kutoka Pongwe atatoka nyumbani saa 11:30 alfajiri. Masika, Aprili na Mei, saa hiyo ni giza na matope, na bado barabara ya Segera ina malori. Jioni anafika amechoka. Hisabati ataifanya saa ngapi?

Shule ya kata anaifikia kwa baiskeli. Kaangalie tu kama kuna banda la kuziweka lenye mtu wa kulinda, maana zikilazwa chini ya mwembe zinaondoka vali.

Fundi Takwimu

Mbovu, kwa hilo nakupa. Naongeza moja: hizo zenye majina makubwa mjini, nyingine zina kidato cha tano na sita. Hapo maabara huwa na vifaa kweli, lakini mwalimu mzuri wa Fizikia huwa kapewa kidato cha sita, na cha kwanza anapata atakayebaki. Ndiyo maana Mwalimu kasema fuata herufi kwenye ratiba, tena zifuate kwenye visanduku vya kidato cha kwanza.

Mjumbe wa Bodi

Siku zako mbili za ruhusa usizimalize Desemba. Moja itumie wiki ya pili baada ya kufungua, Jumanne au Jumatano, uwe getini saa 4:30 asubuhi wakati wa mapumziko. Nenda vyooni mara tu kengele ikishapigwa, siyo kabla. Kipimo cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wasichana 300 wanahitaji matundu 15 yanayofanya kazi, na yaliyofungwa kwa kufuli usiyahesabu. Uliza chumba cha kujisitiri cha wasichana kina maji au ni stoo ya majembe. Shule isiyo na hicho, wasichana hukosa siku kadhaa kila mwezi na walimu huandika "utoro".

Chakula cha mchana. Ada ya kutwa iliondolewa 2016, lakini chakula ni makubaliano ya wazazi, iwe fedha au mahindi na maharage. Swali zuri kwa mkuu siyo "mnakula?" bali "wangapi hawamo kwenye orodha ya chakula, na saa hiyo wanakuwa wapi?" Jibu likija haraka na namba, kuna anayefuatilia. Kisha omba muhtasari wa kikao cha wazazi uliopitisha mchango. Mchango usio na muhtasari wala risiti, hata uwe wa elfu mbili, ni dalili mbaya. Mapato na matumizi ya ruzuku yanatakiwa yawe kwenye ubao wa matangazo; soma tarehe ya karatasi.

Muulize mjumbe yeyote wa bodi kuhusu taarifa ya mwisho ya wathibiti ubora, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi. Shule inabaki na nakala. Ya kusoma humo ni mapendekezo, halafu unatembea kuangalia lipi limefanyiwa kazi.

Na viboko, kwa kuwa watu huogopa kuuliza. Kanuni inasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike, na viandikwe kitabuni. Uliza kitabu kiko wapi. Kikikosekana, huku fimbo ziko juu ya kila meza, umeshajibiwa.

Mama wa Pongwe

Nimeelewa. Swali la mwisho: nikimwanzisha hapa Pongwe, halafu Machi nione haifai, uhamisho ukoje? Mkuu wa ile ya mjini kamwambia shemeji kwa simu kwamba "nafasi ipo, mleteni tu".

Mjumbe wa Bodi

"Mleteni tu" ndiyo inayowaponza watu. Kwanza aripoti alikopangiwa na aandikishwe, maana asiyeandikishwa hana pa kuhamishwa kutoka. Kisha unaandika barua kwa Afisa Elimu Sekondari wa Jiji, U.F.S. (yaani ipitie kwa) mkuu wa shule anakotoka, ukitaja sababu. Mkuu anakokwenda athibitishe nafasi kwa maandishi na mhuri, simu ya shemeji haihesabiki. Kwa kuwa shule zote mbili ziko ndani ya Jiji, mambo yanaishia hapo. Ingekuwa anatoka Muheza au Mkinga, ingepanda hadi kwa Afisa Elimu Mkoa.

Panapokwama ni mwishoni. Barua ikishakubaliwa, shule ya zamani inapaswa kumhamisha pia kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi. Mtoto anakaa darasa jipya mwaka mzima, sare mpya, namba yake bado iko Pongwe, na inagundulika wakati wa kusajili upimaji wa kidato cha pili. Usiondoke ofisini kwa mkuu mpya kabla hajafungua kompyuta akakuonyesha jina la binti limetokea kwake. Na kama mtandao uko chini siku hiyo, rudi kesho.

Mama wa Pongwe

Nimenakili. Kesho naanza na daftari, jirani ana watoto wawili pale.

Chaki Nyeupe

Chukua na la Fizikia. Uone kama kuna mchoro hata mmoja.