Naomba ushauri: mtoto wa chekechea anaamshwa saa kumi na nusu usiku

Wazazi wenzangu habari zenu, mwenzenu nimekwama. Binti yangu ana miaka 5, yuko chekechea, sisi tunakaa Chanika na shule iko huko mjini, gari la shule linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa hiyo inabidi nimwamshe saa kumi na nusu, yaani namwogesha huku kafumba macho, uji anakunywa vijiko viwili anaanza kulia, soksi namvalisha mimi, nywele ndo usiseme. Jioni anarudi kalala kwenye gari, dada anambeba begani kama gunia. Na mimi natoka Kariakoo nafika saa moja na nusu hivi nakuta homuweki kurasa tatu, za mtoto wa miaka 5 jamani! Jana nikamfokea kisa b anaandika d, akaniangalia tu akasema mama nina usingizi. Nililia bafuni.

Baba yake anasema tuvumilie shule ni nzuri, rahisi kusema maana yeye anaamka saa mbili 😀

Nawaza nimhamishie shule ya hapa jirani ila ada ya muhula tushalipa na sidhani kama inarudi. Mliowahi kuhamisha katikati ya mwaka mtoto alizoea? Na homuweki mnaongeaje na mwalimu bila mtoto kuonekana mzigo? Hata kama huna jibu we niambie tu na kwako ni hivyohivyo.