Mjadala: Hela ya maafa ya halmashauri inunue mitaimbo ya uokoaji au ikague mikanda ya zege ya nyumba?

Mleta mada
Tetemeko la Kagera la Jumamosi, 10 Septemba 2016, lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu, na lilianzia kina cha kilomita 40 hivi. Hata hivyo nyumba ziliporomoka Bukoba na Missenyi, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa, ila kamati isiyo na fungu ni orodha ya majina ukutani. Halmashauri yenye hela kidogo iziweke wapi: vifaa vya uokoaji kila kata, au ukaguzi wa ujenzi? Mimi nasema vifaa. Zimamoto (114) wako mjini. Saa za kwanza ni majirani peke yao.

Mhandisi wa Ziwani
Unanunua machela badala ya kuzuia jeraha. Tofali la kuchoma lililojengewa kwa udongo halishikani: nyumba ikitikisika, kuta zinaachana kwenye kona, ukuta unalala na paa linashuka. Kinachozifunga ni mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6, ukiongeza kuta za ndani upate mita 42 za mkanda wa sentimita 15 kwa 15. Hiyo ni kama mita moja ya ujazo ya zege: saruji mifuko 7, nondo 16 za milimita 10 zenye urefu wa mita 12, na ringi 210, yaani vyuma vya kuzizunguka na kuzifunga nondo, zikipangwa kila sentimita 20. Usiniambie haiwezekani kwa mtu aliyekwisha kununua bati.

Fundi Nondo
Hesabu sawa, mkuu. Tatizo ni kona. Mafundi wengi wanakata nondo pale pale kuta zinapokutana, na hapo ndipo nguvu zote zinapokwenda. Nondo ikunje kona na iingie ukuta wa pili angalau sentimita 50. Halafu zege linatiwa maji mengi ili lishuke kirahisi, na kesho yake hakuna anayelimwagilia. Linataka kumwagiliwa siku 7. Ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye paa nao unaachwa bila kufungwa na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), ndio unaotangulia kuanguka. Na ukuta wa tope uliokwisha kulika chini usiuwekee mkanda wa zege, utakuwa umeutwisha mzigo tu.

Mtendaji
Ndugu zangu, mnasema kana kwamba kijijini mtu anaomba kibali. Anaanza kujenga akishauza kahawa, anasimama, anaendelea msimu ujao. Mhandisi wa halmashauri hawezi kulifuata kila boma.

Mhandisi wa Ziwani
Hahitajiki kila siku. Anahitajika mara moja, nondo zikiwa zimelazwa na zege bado. Dakika 20 na futi ya kupimia. Likishamwagwa hakuna anayeona kitu, ndiyo maana ukaguzi wa nyumba iliyokwisha kupigwa plasta ni maigizo. Hata fundi mmoja wa kata aliyefunzwa anatosha.

Mleta mada
Na nyumba zilizokwisha kujengwa? Ndizo nyingi. Stoo ya kata naitaka hivi: mitaimbo 6, mabeleshi 10, sururu 4, misumeno 2, jeki 2 za lori za tani 10, kamba, machela 4, glovu, na vipande 40 vya mbao ngumu vya sentimita 10 kwa 10, urefu wa nusu mita. Mbao ndizo watu wanazisahau. Jeki inainua sentimita 2, unasukuma mbao, unainua tena. Mbao zinapangwa safu moja hivi, nyingine kwa kukingamana. Ukiinua bila kukabari, kifusi kinateleza na kinawaua wawili badala ya mmoja. Na aliyebanwa paja kwa saa kadhaa, daktari aitwe kabla ya kumtoa, kwa sababu sumu ya misuli iliyopondwa inaweza kuusimamisha moyo baada ya kufunguliwa.

Mtendaji
Hapo kwenye vifaa vya mkono nakuunga mkono. Msinunue mashine za petroli: mafuta yakikaa miezi yanaziba kabureta, na siku ya siku haiwaki. Lakini funguo? Zikikaa kwa mtu mmoja, siku hiyo atakuwa msibani wilaya nyingine. Na stoo yenyewe ikijengwa bila mkanda, mitaimbo itakuwa chini ya kifusi.

Fundi Nondo
Basi anzeni na stoo za kata. Kila moja ijengwe hadharani na mafundi wa kata hiyo, kona ziachwe wazi siku mbili watu wapite wazione ndipo zege limwagwe. Funguo tatu, nyumba tatu tofauti.

Mhandisi wa Ziwani
Stoo moja haiwekei nyumba ya mtu mkanda. Ila kwa hizo siku mbili za kona wazi, nitakuja.