Naomba ushauri: injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta

Ndugu zangu mnaoyajua magari, habari za leo. Gari langu lenye injini ya cc 1,500, ninalolitumia kila siku kati ya Igoma na katikati ya jiji la Mwanza, limewasha taa ya injini, na mashine ya kupimia ikaonyesha msimbo P0171, yaani mafuta hayatoshi kwa hewa inayoingia. Likiwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, linatetemeka, na kompyuta yake huongeza mafuta kwa asilimia 24. Nikikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, nyongeza hiyo hushuka hadi asilimia 5.

Fundi anashauri tubadilishe pampu ya mafuta. Mimi nasita, kwa sababu pampu dhaifu ingelisumbua zaidi kwenye mlima wa Bugando, na pale linapanda vizuri kabisa. Jana nilipoinamia injini nilisikia mluzi mwembamba kama wa hewa inayovuja, kwenye mpira unaotoka manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye injini) kwenda busta ya breki (kifaa kinachofanya breki ziwe nyepesi kukanyaga), na nilipoubana kwa vidole mtetemo ukapungua. Breki nazo zimeanza kuwa ngumu, jambo linalonitia hofu kubwa kwa kuwa nabeba watoto.

Je, kubadilisha mpira huo pekee kunatosha, au gasketi ya manifoldi, ile inayoziba kiungio chake na injini, nayo ifunguliwe? Na nihakikisheje panapovuja bila kupuliza petroli kwenye injini ya moto?