Dada wa kulala, wa kutwa au deikea? Naombeni ushauri, nimechoka

Mama Wawili, Kimara
Habari za jioni wapendwa. Nina mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa miezi saba. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi mwendokasi wa Posta, narudi saa moja usiku. Baba yao yuko mgodini Geita. Nasomea CPA ya uhasibu, mtihani ni Novemba, na wiki ya tatu sasa sijafungua kitabu. Dada wa kazi ameondoka juzi, ni wa tatu mwaka huu. Jana nimepitiwa na usingizi kitini, viatu mguuni, mdogo bado yuko ziwani. Nichukue dada wa kulala tena, wa kutwa, au niwapeleke deikea?

Mama wa Tabata
Pole mdogo wangu. Mimi wangu yuko deikea, 80,000 kwa mwezi, chakula nabeba mwenyewe. Mtoto anachangamka, na walezi ni wengi, wanaangaliana. Ila kwetu wanafunga saa kumi na moja jioni, na mtoto akichemka tu unapigiwa simu uje kumchukua. Wa miezi saba hawampokei. Kwa hiyo mkubwa aende, mdogo abaki.

Mchangiaji wa Mbezi
Mwite mama mzazi.

Mama Pacha
Bibi naye ana magoti na presha, tusimtwishe. Mimi nina dada wa kutwa, anaishi jirani, jioni anarudi kwake. Ukichelewa foleni na yeye anachelewa kwa watoto wake, hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Lakini dada, umeomba saa zako za kunyonyesha? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku. Mimi nilimwandikia afisa utumishi barua, nikawa natoka saa tisa.

Msusi wa Manzese
Nimefanya kazi za ndani miaka sita kabla ya kufungua saluni. Wakiondoka watatu ndani ya mwaka, naomba uitazame nyumba kwanza. Analala saa ngapi? Jumapili anatoka? Nyumba moja niliikimbia: usiku nabembeleza mtoto, alfajiri nafua, mshahara naambiwa subiri. Nyingine nilikaa miaka minne. Mama alinilipa kwenye simu yangu mwenyewe, si kwa mjomba aliyenileta mjini, na kila mwaka nilienda likizo kwetu. Na tafadhali, usichukue binti wa miaka kumi na tatu akulelee mtoto.

Mama Wawili, Kimara
Da Msusi, umenigusa. Sikumpa hata Jumapili moja.
Mkubwa ataanza deikea, mdogo nitamtafutia mama wa kutwa hapa mtaani, na wifi amekubali kushika ile saa ya alfajiri. Barua naipeleka Jumatatu. Mtihani nausogeza hadi Mei, siuachi. Yule dada nimempigia, hapokei. Nimemtumia pesa ya siku kumi na nne alizokuwa ananidai.