Mwenye lupango (kiwanja chake binafsi) anaweza kumpiga shoferi amende (faini)? Na nani alipe, shoferi ao patroni?

Shoferi, Kampemba (mwenye mada)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naleta jambo lililonipata, maana najua si langu peke yangu.

Naendesha kamyoneti ya kampuni. Nilitumwa kupeleka katoni za rangi kwenye duka moja katikati ya mji, upande wa avenue Kasaï. Barabara ilikuwa imejaa, nikaingia kwenye uwanja wa nyuma wa jengo la jirani. Geti lilikuwa wazi. Zamu, yule mlinzi wa geti, alinitazama tu, hakusema neno. Mimi na mwenzangu tukashusha katoni, dakika kama ishirini. Kurudi, gurudumu la mbele limefungwa sabo, kile chuma cha kuzuia gari lisiondoke, na kwenye kioo kuna karatasi: amende dola 50, kuingia na kuegesha bila ruhusa. Juu yake muhuri wa jengo tu, hakuna alama yoyote ya serikali. Nikauliza, tangazo liko wapi? Wakanionyesha kibao, ukubwa wa daftari la mtoto wa shule, nyuma ya jenereta.

Nilikataa kulipa. Nikakaa juani saa tatu nzima, mzigo wa Ruashi umelala ndani ya gari. Mwishoni patroni akatuma pesa kwa simu, sabo ikatoka. Mwezi ulipokwisha nikakuta kwenye karatasi ya mshahara dola 50 zimekatwa: "kosa la shoferi".

Mimi nasema hivi. Mwenye lupango anaweza kunifukuza, na nikivunja kitu chake anaweza kunidai. Hata kuniuzia nafasi anaweza, kama bei imeandikwa getini. Lakini amende ni ya serikali. Na kama kuna deni lolote, ni la kampuni iliyonituma, sikuenda pale kutembea. Mnipinge.

Mama wa duka, mjini

Baba shoferi, nakupinga.

Wewe ulikaa pale dakika ishirini mara moja. Mimi nakaa pale kila siku. Asubuhi kamyo ya sukari, saa nne ya bia, mchana ya sementi, zote kwenye mlango wangu, na wateja wanapita kwa jirani. Mwaka huu kamyo moja ilinivunjia kifuniko cha mfereji. Shoferi akaniambia, "Mama, ongea na patroni." Patroni akaniambia, "Mama, ongea na shoferi." Mpaka leo tumeweka ubao juu ya lile shimo. Nikiwaita polisi wa roulage, wale wa barabarani, wanaanza kwa kuniuliza nani atalipa mafuta ya kuwafikisha.

Sabo ndiyo inayomfanya mtu azime injini na kuongea na mimi. Na geti wazi si mwaliko. Mlango wa jiko lako nao uko wazi mchana, mbona hatuingii?

Patroni mdogo, route Likasi

Nina gari tatu, basi na mimi nisikilizwe. Shoferi wangu nimewaambia wasiingie kwenye lupango la mtu bila kuuliza. Nikilipa kila karatasi wanayoniletea, wataacha kuuliza kabisa. Kukata mshahara sipendi, ila nionyesheni njia nyingine ya kumfanya mtu afungue mdomo na kusema "hodi".

Mwanafunzi wa sheria, UNILU

Neno "amende" ndilo linalowaponza wenye majengo. Kanuni ya Adhabu ya Congo yetu, kifungu cha 1 kabisa, inasema kosa haliadhibiwi kwa adhabu ambayo sheria haikuiweka kabla ya kosa kutendeka. Mwenye jengo si bunge, wala si jaji. Hata ardhi yenyewe, sheria ya 20 Julai 1973 inasema ni mali ya Serikali peke yake. Raia tunapewa konsesio, yaani haki ya kuitumia tu. Hilo halimnyimi Mama haki yake, kwa kuwa Katiba inalinda mali ya mtu, kifungu cha 34. Ila haki hiyo inaishia kwenye ukuta wake. Wale wanaofunga sabo magari yaliyosimama kando ya barabara, mbele ya duka, wako kwenye njia ya umma, ambayo ina Kanuni yake ya Barabara ya 30 Agosti 1978 na polisi wake, hata kama hao polisi wanaomba mafuta.

Mama, silaha yako ni Kanuni ya Raia, Kitabu cha III, dekreti ya 30 Julai 1888. Ndiyo, ya zama za Leopold II, bado tunaitumia. Kifungu cha 258: aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe. Cha 260: aliyemtuma mtu kazini anajibu kwa hasara ambayo mtu huyo ameileta akiwa katika kazi hiyo. Kwa hiyo yule patroni aliyekuambia "ongea na shoferi" alikukimbia tu. Kifuniko chako ni deni lake.

Mwenye uwanja naye ana mlango mmoja wa kupitia, kifungu cha 33 cha Kitabu hicho hicho: mapatano ni sheria kwa waliopatana. Kibao kikubwa getini, bei imeandikwa, ukaingia: anaweza kusema ulikubali. Kibao nyuma ya jenereta, nani alikubali nini?

Kuhusu mshahara, Kanuni ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inataja makato yanayoruhusiwa. Patroni habuni yake. Ugomvi kama huo unaanzia kwa Inspekta wa kazi, kwa upatanisho; Mahakama ya Kazi haikupokei kabla hujapita hapo.

Patroni mdogo, route Likasi

Kijana, umesema vizuri, lakini sabo haingoji mahakama. Mzigo wa mteja uko ndani, mteja anapiga simu, na kukimbizana na kesi ya dola 50 kutanila dola 200. Ndiyo sababu tunalipa.

Dada wa Katuba

Ndugu yangu anaendesha gari la kampuni ya vifurushi Leeds, Uingereza, na wanayo vita hii hii. Kule England na Wales, tangu 1 Oktoba 2012 kufunga gari sabo kwenye ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya sheria ni kosa la jinai. Scotland walitangulia: mwaka 1992 majaji walisema kumfungia mtu gari mpaka alipe ni unyang'anyi.

Lakini msishangilie haraka. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimwambia mwenye gari mmoja alipe pauni 85 kwa kupitisha saa mbili alizopewa bure kwenye uwanja wa maduka, Chelmsford. Vibao vilikuwa vikubwa na vimetapakaa uwanja mzima. Yaani chuma walikikataa, deni wakalikubali. Na barua ya deni inaenda kwa mwenye gari, ambaye kwa ndugu yangu ni kampuni. Kampuni ikitaja jina la aliyekuwa anaendesha, deni linamfuata yeye. Kwa hiyo hata kule shoferi hajapona.

Aliyekuwa zamu

Nitasema, maana kazi ile nimeiacha. Nilipokuwa, kila sabo ilikuwa na sehemu yetu. Kwa hiyo hatukumwambia shoferi "toka, hapa hapaegeshwi". Tulinyamaza mpaka azime gari na kwenda mbali kidogo. Angetoka mapema, tungelala bila kitu. Mama wa duka, kama zamu wako wanalipwa hivyo, usishangae kamyo haziishi mlangoni kwako.

Mama wa duka, mjini

Wangu hawalipwi hivyo. Lakini kesho nitawauliza.

Shoferi, Kampemba (mwenye mada)

Mama, nimekubali moja: kuuliza kulinihusu. Ningesema hodi, pengine haya yote yasingekuwapo. Kosa hilo nalibeba, lakini dola 50 siyo bei yake, na patroni hakuniuliza hata neno kabla ya kukata.

Jana nilipita tena pale nipige picha ya kibao. Hakipo nyuma ya jenereta. Sasa kuna kingine kikubwa getini, rangi nyekundu bado mbichi.

Mwanafunzi wa sheria, UNILU

Ya siku ile huna picha?

Shoferi, Kampemba (mwenye mada)

Mwenzangu aliipiga picha sabo ili amtumie patroni. Ukivuta picha, nyuma unaona jenereta, na pembeni yake ncha ya kile kibao cha zamani. Nimeipeleka kwa Inspekta wa kazi asubuhi, wameniambia nirudi alhamisi na karatasi ya mshahara. Patroni amesikia, amenipigia: "Tuongee kwanza."

Mama wa duka, mjini

Ukiongea naye, muulize kama ile kamyo ya sementi ni yake. Mfereji wangu bado una ubao.