Tupeane uzoefu: mlima uliokulea ulikufundisha kufikiri vipi?

Mwana wa Kihamba: Juzi, hapa Dar es Salaam, nilimwelekeza mgeni kwamba apande kidogo kisha ashuke kushoto, naye akanitazama kwa mshangao kwa kuwa mtaa wote ni tambarare. Kwetu Marangu sikumsikia mtu akitaja mashariki wala magharibi. Kulikuwa na juu, upande wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na chini porini kwenye mahindi, na safari ilipimwa kwa ugumu wa kurudi na mzigo wa majani kichwani. Je, wenzangu nanyi mko hivi?

Mlalo: Tuko hivyo hivyo. Kwetu Usambara dunia ni mbili tu, Shambaai, yaani mlimani kwetu, na nyika, yaani tambarare ya chini.

Mke wa Mlimani: Ugogoni, kwenye tambarare nilikokulia, nilimwona mgeni akiwa bado mbali, nikawahi kubandika maji ya ugali. Huku milimani Lushoto nilikoolewa, hodi ndiyo taarifa ya kwanza, na hadi leo hunishtua.

Mtu wa Ndiva: Sisi Wapare tulichimba ndiva, mabwawa madogo ya kumwagilia, ili maji yajae usiku na kufunguliwa kwa zamu, ndiyo maana tunajua kusubiri. Wachaga wenye mifongo, ile mifereji yao ya maji, walijifunza kuamkiana kwa mapanga.

Mwana wa Kihamba: Huo ni uzushi. Mfongo nao ulikuwa na zamu na wazee wake, na aliyekosa alipeleka isale, jani letu la amani, kuomba msamaha.

Mlalo: Naomba niwatoe kwenye maji. Wakati wa mvua za Elninyo, mwanzoni mwa 1998, dada yangu alishikwa na uchungu usiku, na barabara ilikuwa imekatika. Baba alisimama ukingoni akapiga ukelele, na punde tukaona taa za chemli zikishuka mlima wa pili, hata ya jirani ambaye hatukusalimiana naye kwa ugomvi wa mpaka. Tulimbeba kwa machela, warefu wakitangulia ili alale sawa kwenye mteremko. Njia ikameguka, wabebaji wawili wakateleza, machela ikabaki mikononi mwangu na mwa jirani yule. Mtoto alizaliwa palepale, wanawake wakiwa wamemzungushia mama yake khanga. Tangu hapo siwezi kugombana na mtu wa ng'ambo ya bonde nikapata usingizi.

Mke wa Mlimani: Nimelia.

Mluguru: Penye utelezi, vueni viatu.

Mtu wa Ndiva: Msivue, kateni fimbo. Na wewe wa mifongo, bado sijamalizana nawe.

Mwana wa Kihamba: Huyo mtoto yuko wapi sasa?

Mlalo: Yuko Tanga mjini, anaendesha bodaboda. Anasema vilima havipendi.