Programu za kusaidia wagonjwa wa magonjwa sugu: kama hamna kundi la kulinganisha, hela isitoke. Mnasemaje?

Mtoa hoja

Wadau, naleta hoja na najua kuna watu nitawaudhi. Hizi programu za kumsaidia mgonjwa wa sukari, presha, moyo au pumu ajisimamie mwenyewe nyumbani, nesi anampigia simu kila wiki, anafundishwa dozi na mlo na mazoezi, apu inamkumbusha dawa, mi sina ugomvi nazo kabisa. Ugomvi wangu uko kwenye ripoti zake. Ukisoma moja umesoma zote: kabla ya programu wagonjwa walikuwa wanalazwa sana, baada ya programu wanalazwa nusu yake, kwa hiyo tumefaulu, ongezeni bajeti.

Sasa jiulize hao wagonjwa waliingizwa lini. Waliingizwa wakiwa hoi, ndo maana wakachaguliwa. Mtu aliyelazwa mara tatu mfululizo, mwaka unaofuata uwezekano mkubwa atalazwa pungufu hata usipomfanyia chochote, maana hakuna anayekaa kwenye kipindi chake kibaya muda wote. Ni sawa na kupima mto siku ya mafuriko, ukarudi baada ya wiki ukasema maji yamepungua kwa sababu ya dua yako.

Na hili halijabaki kwenye maneno. Camden, New Jersey, kule Marekani, kulikuwa na programu iliyosifiwa kila kona, timu ya manesi na wahudumu wa jamii inamfuata mgonjwa anayelazwa lazwa mpaka nyumbani kwake, inampangia miadi, inampangia dawa. Wakakubali kupimwa kwa kura (nawapa heshima zao kwa hilo), wagonjwa 800, nusu wapate huduma nusu wasipate. Matokeo yakatoka Januari 2020: ndani ya siku 180 waliorudi kulazwa upande wa programu ni asilimia 62.3, upande wa pili 61.7. Yaani hamna tofauti. Lakini ukiangalia kundi la programu peke yake, kabla na baada, unaona kulazwa kumeshuka kwa pointi 38 za asilimia! Hiyo 38 ndo ingeenda kwenye ripoti. Kumbe na wale waliokosa kura walishuka hivyo hivyo.

Msimamo wangu basi: anayelipa, iwe serikali iwe bima, asiendelee kuilipia programu ambayo haina watu wa kulinganisha nao.

Nesi wa wodini

Mkuu umeongea kama mhasibu. Ripoti ya WHO ya 2003 ilisema hata kwenye nchi tajiri wanaofuata dawa za muda mrefu inavyotakiwa ni kama nusu tu, sasa mtu wa kukaa na mgonjwa amweleze kwa nini anameza kile kidonge wakati haumwi popote atatoka wapi kama sio kwenye hizi programu? Daktari ana foleni mpaka mlangoni.

Halafu nani kasema kulazwa ndo kipimo pekee? Uingereza walikuwa na programu ya wagonjwa kufundishana wenyewe kwa wenyewe, vikao vya wiki sita, ikapimwa kwa kura kama unavyotaka wewe. Matumizi ya hospitali hayakupungua, sawa, ila watu walijiona wana uwezo zaidi wa kuusimamia ugonjwa wao na nguvu ziliongezeka. Kwako hiyo ni hasara? Mi nikimwona mgonjwa amekuja na maswali ameyaandika kwenye karatasi najua kuna kitu kimebadilika, hata kama hakionekani kwenye jedwali lako.

Mtoa hoja

Dada nesi, hapo hatugombani. Ila angalia, hiyo ya Uingereza umejua imesaidia nini na haijasaidia nini kwa sababu ilipimwa vizuri. Shida inakuja mtu akiuza programu kwa ahadi ya kuokoa hela halafu ikishindikana anageuka anasema wagonjwa wamefurahi. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, walishapita huko, mwaka 2005 wakaanza kulipa kampuni 8 za kupigia wagonjwa simu, kampuni zikaahidi gharama zitashuka, wakapima kwa kulinganisha, zikaboresha ubora wa huduma kidogo tu na gharama hazikushuka. Wangeangalia kabla na baada tu zingekuwa zinalipwa mpaka leo.

Asiyependa kura

Mimi swali langu dogo tu, nani ataenda kumwangalia mgonjwa usoni amwambie pole mzee, kura imekukataa? Huyo ni baba wa mtu. Mnazungumzia makundi kana kwamba mnapanda mahindi.

Mtoa hoja

Kaka, nafasi huwa hazitoshi hata bila kura. Tofauti ni kwamba saivi anayechagua ni mratibu, na mratibu kibinadamu atachukua wale wenye simu, wanaopokea simu, wanaokuja kliniki bila kusukumwa. Hao wangekuwa afadhali hata bila yeye. Kuna utafiti wa dawa za moyo ulitoka 1980, Coronary Drug Project, wakaangalia watu waliokuwa wanameza vidonge visivyo na dawa yoyote ndani: waliovimeza kwa uaminifu, waliofariki ndani ya miaka mitano ni asilimia 15 hivi, waliovimeza kizembe ni 28 hivi. Kidonge kile kile cha bure! Kwa hiyo ukiniletea programu inayosema "waliohudhuria vikao vyote wamepona zaidi" mi nacheka tu.

Na usidhani anayekosa kura lazima kapunjwa. Kwenye hospitali za maveterani wa jeshi huko huko Marekani walijaribu programu ya wagonjwa wa mapafu, yale ya kuziba njia za hewa, elimu, mpango wa nini cha kufanya ukibanwa, simu za kufuatilia, kila kitu kizuri kwa macho. Ikabidi wasimamishe katikati. Waliofariki upande wa programu walikuwa 28, upande wa huduma ya kawaida 10. Ilichapishwa 2012 na watafiti wenyewe hawakuweza kueleza vizuri kwa nini. Sasa bila lile kundi la pili nani angeshtuka? Wangesema ugonjwa wenyewe ni mkali.

Mwenye sukari

Mi ndo mgonjwa mwenyewe hapa, naomba nami nisikike. Hata kundi la kulinganisha likiwepo, mnapima nini? Kila programu inakimbilia HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu. Kikishuka wote makofi. Utafiti wa ACCORD, wa wagonjwa wa sukari, ulisukuma watu washushe kipimo hicho chini ya asilimia 6, mwaka 2008 wakaisitisha ile sehemu ya kushusha sukari kwa nguvu kwa sababu waliokufa upande wa kusukumwa walikuwa 257 na upande wa kawaida 203. Namba nzuri, makaburi mengi.

Pimeni sukari imenishuka sana mara ngapi usiku. Pimeni natumia saa ngapi kujaza fomu zenu na kupokea simu zenu, maana kuna wakati kuusimamia ugonjwa inakuwa ajira ya pili isiyo na mshahara.

Mratibu wa programu

Nimeguswa pale kwenye kuchagua wanaopokea simu 😅 sitabisha. Ila wakubwa, utafiti wa kura unakula hela kuliko programu yenyewe, sisi wadogo tutafanyaje? Ninachoona kinawezekana ni kuanza kwa awamu, maana hata hivyo hatuwezi kufika vituo vyote kwa siku moja. Piga kura kituo kipi kianze na kipi kisubiri, wanaosubiri ndo kundi lako la kulinganisha, na mwisho wote wanapata.

Na kundi la kulinganisha lenyewe linafundisha. Los Angeles 2018, wanaume weusi wenye presha, 319, kwa vinyozi. Kundi moja mfamasia anakuja hapo hapo kwa kinyozi anaandika dawa, kundi la pili kinyozi anawashauri tu waende kwa daktari. Baada ya miezi sita namba ya juu ya presha ilishuka kwa 27 upande wa mfamasia na kwa 9.3 upande wa ushauri. Bila hao wa pili tungempa mfamasia sifa zote 27, na tusingejua kwamba kazi kubwa imefanywa na dawa, sio na maongezi.

Mtoa hoja

Awamu nakubali, inatosha. Na hoja ya mwenye sukari naiongeza kwenye msimamo: vipimo viandikwe kabla ya kuanza, na sukari kushuka kupita kiasi na muda wa mgonjwa viwemo.

Nesi wa wodini

Basi na tarehe ya wanaosubiri kuanza iandikwe hapo hapo, siku ya kura, mbele yao. Nimeona "awamu ya pili" nyingi ambazo hazijawahi kufika.

Mratibu wa programu

Tarehe naandika. Ila awamu ya kwanza ikionyesha programu inaumiza watu kama ile ya mapafu, awamu ya pili haianzi, na hilo nalo waambiwe siku hiyo hiyo.